Maharage yasiyoiva, mbaazi zenye fukusi na mtungi wa kilo 6: kupika kwa vikavu Mji wa Kale ukiwa umefungwa

SWALI: Asalaam alaykum. Tuko Mji wa Kale, Mombasa, watu saba nyumbani, watatu ni watoto. Tangu tufungiwe kwa sababu ya korona tarehe 6 Mei 2020 sokoni hakuendeki na tumebaki na vilivyomo kabatini: maharage mekundu kilo nne ya tangu mwaka jana, mbaazi kilo mbili zilizoingia wadudu, pojo, mchele, unga wa ngano na wa sembe, tui la unga, papa mkavu, nyanya za kopo, ukwaju na viungo. Njugu karanga zimeshika ukungu kidogo. Vibichi ni vitunguu na ndimu chache tu. Maharage nimeyachemsha saa tatu nzima kwa maji ya kisima hayakuiva, na gesi ni mtungi wa kilo 6. Mahamri nayo hayafuri, hamira niliifungua kitambo. Nifanyeje tufuturu na kula daku vizuri mpaka Idi?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Ulivyonavyo si haba. Kinachokutesa ni maji na saa. Vikavu hupikwa mara mbili, kwanza kwa maji halafu kwa moto, na ukiiruka ile ya kwanza gesi yote huishia kufanya kazi ambayo maji yangeifanya bure. Basi tuanze na maharage, maana ndiyo yanayokula mtungi wako.

Saa tatu bila kuiva kuna sababu, na kwako naona mbili zimekutana. Ya kwanza ni umri. Maharage yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevu wa pwani, ile gundi inayoshikanisha chembe zake hukaza na haiyeyuki tena kwa urahisi. Ya pili ni maji ya kisima. Visima vya Mji wa Kale vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa. Chokaa hiyo huingia kwenye ganda la haragwe na kulikaza zaidi. Maji hayo fulia na oshea vyombo. Ya kulowekea na kupikia vikavu yawe ya mfereji au ya kununua, hata kama ni kidogo. Na ikiwa ulitia nyanya au ukwaju tangu mwanzo, hiyo ni sababu ya tatu: uchachu huzuia maharage kulainika. Vyote vichachu hungoja mpaka haragwe libonyezeke kati ya vidole viwili.

Saa za Ramadhani zinakusaidia. Loweka wakati wa daku, ikifika alasiri yameshakaa saa kumi au kumi na moja, na hapo ndipo unapotaka kuanza kupika. Kwa kila nusu kilo tia maji lita mbili na chumvi vijiko viwili vya mezani. Usiogope chumvi hiyo, maji hayo utayamwaga. Chumvi huchukua nafasi ya chokaa ndani ya ganda, na ndiyo maana maharage yaliyolowekwa kwa maji ya chumvi huiva upesi na maganda hayapasuki ovyo. Usipitishe saa kumi na mbili nje ya friji. Kwa joto letu maji huanza kutoa povu na harufu ya kuchacha. Ukiweza, yabadilishe adhuhuri.

Mwaga maji, suuza mara mbili, tia maji mapya yapite juu ya maharage kwa vidole viwili. Kwa kuwa yako ni ya zamani, ongeza magadi robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, wala usizidishe. Yakizidi, ladha huwa ya sabuni na rangi hupauka, na hata hayo kidogo hupunguza vitamini B1. Kwa maharage mapya magadi hayana haja.

Hapa kuna jambo la usalama. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoumiza tumbo. Punje nne au tano tu ambazo hazikuiva zinaweza kumtia mtu mzima kichefuchefu, kutapika na kuharisha ndani ya saa moja hadi tatu. Sumu hiyo huharibiwa na maji yanayotokota kwelikweli. Joto la chini haliitoi, na maharage yaliyopashwa bila kufika kutokota huweza kuwa na nguvu ya sumu kupita hata yale mabichi. Kwa hiyo chemsha kwa nguvu nusu saa kamili ukihesabu tangu yalipoanza kutokota. Baada ya hapo ndipo uruhusu moto mdogo au kapu.

Kapu ndilo litakalokuokolea gesi. Chukua kapu kubwa au boksi la katoni, litandike blanketi au nguo nzito chini na pande zote, unene wa kiganja. Maharage yakishatokota nusu saa, yafunike kwa mfuniko unaobana, yaache yatokote dakika mbili zaidi bila kufunua, halafu sufuria nzima iingie kapuni, juu ulundike mto na blanketi. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwani sufuria nusu tupu hupoa haraka na ndipo watu husema kapu halifanyi kazi. Lisifunguliwe kwa saa tatu. Ukiitoa sufuria, irudishe jikoni yatokote tena dakika kumi. Maharage ya zamani kama yako huenda yakataka mzunguko wa pili, kwa hiyo siku hiyo anza adhuhuri na uyaloweke tangu usiku wa manane. Kama una sufuria ya presha, kapu halihitajiki: maharage yaliyolowekwa huchukua dakika ishirini hadi ishirini na tano tangu presha ianze kulia.

Chemsha kilo nzima kwa mara moja. Gesi ya kuchemsha kilo haizidi sana ile ya nusu kilo, na utapata karibu kilo mbili na nusu zilizoiva. Nusu pikia siku hiyo, nusu iweke friji ikiwa imezamishwa kwenye maji yake, itumike ndani ya siku tatu.

Mbaazi zenye fukusi usizitupe. Mdudu huyo hula punje lakini haachi sumu. Zianike juani kwenye sinia saa tatu au nne, wadudu wazima watakimbia, kisha zipepete. Kama friji yako ina sehemu ya barafu, zifunge kwenye mfuko na ziweke humo siku nne ili mayai nayo yafe, la sivyo baada ya wiki mbili tatu watatokea upya. Siku ya kupika zimwage kwenye maji mengi: zilizotobolewa huelea, zichote. Zilizozama ndizo zako.

Kwa mbaazi za nazi za watu saba, loweka nusu kilo kama maharage, chemsha kwa maji mapya dakika arubaini na tano hadi saa moja mpaka zilainike lakini zisiwe uji. Maji yabaki kidogo tu, usawa wa mbaazi zenyewe. Tia tui jepesi vikombe viwili (unga wa tui vijiko vinne vya mezani), kitunguu kimoja kilichokatwa, pilipili nzima isiyopasuliwa na chumvi kijiko kimoja cha chai. Ziache kwa moto mdogo dakika kumi na tano. Mwisho tia tui zito kikombe kimoja, la unga vijiko vinne, lililokorogwa kwa maji ya vuguvugu. Likiingia tui zito usifunike na usiache kukoroga, upande mmoja tu, kwa moto wa chini kabisa mpaka lianze kufukuta. Likitokota sana hukatika: mafuta hupanda juu na chini hubaki maji yenye chembechembe. Likikatika bado linalika, ila ule ulaini hutaurudisha. Kwa hiyo tui zito lingoje mwisho hasa.

Njugu zenye ukungu ni habari nyingine kabisa. Tupa zote, hata zile zinazoonekana safi kando ya zilizooza. Kuvu wa njugu na mahindi hutoa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kuanika. Mwaka 2004 mahindi yaliyoingia sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, na walikuwa wakila ugali wa nyumbani uliopikwa ukaiva vizuri. Usimpe kuku wala mbuzi pia. Na unga wako wa sembe ukinuka uvundo au kuwa mchungu ulimini, uende huko huko.

Mboga mbichi unayo bila kujua: pojo. Kikombe kimoja cha pojo kikichipua kinatoa bakuli kubwa la mboga yenye vitamini C, ambayo punje kavu karibu haina kabisa. Chagua zilizo nzima, suuza, loweka saa nane hadi kumi kwenye vikombe vinne vya maji safi, safari hii bila chumvi. Zimwage kwenye kichungio au kung'uto, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu, weka mahali penye kivuli na hewa. Suuza asubuhi, adhuhuri na usiku, na kila mara hakikisha maji yametoka yote. Kinachoharibu pojo za kuchipua karibu siku zote ni maji yaliyotuama chini. Kwa joto la Mombasa siku mbili zinatosha. Mkia ukifika urefu wa ukucha, ziko tayari. Ukizingoja zaidi hutoa majani na kuwa chungu. Zikiteleza au zikinuka, mwaga.

Usizile mbichi, hasa kwa watoto. Joto na unyevu unaochipusha pojo huzalisha bakteria pia. Kaanga kitunguu na thomu kwa mafuta vijiko viwili, tia bizari nyembamba nusu kijiko cha chai na manjano robo kijiko, kisha pojo, zigeuze kwa moto mkali dakika nne au tano mpaka zote zitoe mvuke. Epua, kamulia ndimu. Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua, kwani vitamini C yake hupungua kwa moto. Hiyo ndimu pia husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na pojo, na watoto wanayahitaji. Chai ya rangi na ya maziwa hufanya kinyume, kwa hiyo baada ya futari ya maharage ichelewesheni saa moja. Najua ni vigumu kwa mtu aliyefunga, lakini angalau watoto wasinywe pamoja na chakula.

Pojo zisizochipuliwa hazidai kulowekwa, huiva kwa dakika thelathini na tano hadi arubaini na tano. Siku gesi inapokuwa ndogo, pika hizo, uachane na maharage.

Vitunguu vyako chache visikatwe kimoja kimoja kila siku mpaka vichipue kapuni. Menya vyote isipokuwa vinne vitano, kata vyembamba, tia chumvi kidogo, kaanga kwa mafuta ya kutosha mpaka viwe rangi ya dhahabu, vitoe kabla havijawa vya kahawia kwani huendelea kuiva vikiwa nje. Vikipoa na kukauka, vifungie kwenye chupa. Kijiko kimoja cha mezani kinatosha kukoleza sufuria ya mchuzi au wali, na mafuta yaliyobaki ni ya kupikia wali wa siku ya pili. Thomu usiizamishe kwenye mafuta ukaiacha kabatini. Mafuta yanaifungia hewa, na hapo huzaliwa bakteria wa sumu mbaya sana isiyojulikana kwa harufu wala ladha.

Nyanya ya kopo iliyo nzito usiichanganye na maji moja kwa moja. Ikaange kwanza kwenye mafuta dakika tatu au nne mpaka ikolee wekundu na mafuta yajitenge pembeni, ule ukakasi wa kopo utaondoka. Ikibaki, ihamishie chupa ya kioo, uso wake ufunike kwa mafuta, iwe ndani ya friji na itumike ndani ya siku tano.

Papa mkavu, robo kilo inatosha watu saba. Msugue kwa maji, mloweke kwenye maji ya moto nusu saa, mwaga, rudia mara moja, onja kipande: akibaki na chumvi kali, rudia tena. Mchemshe dakika kumi na tano, mtoe ngozi na mifupa, mchambue. Mchuzi wake uwe na nyanya iliyokaangwa, thomu, tangawizi, manjano, tui jepesi, na ukwaju uliolowekwa kwenye nusu kikombe cha maji ukachujwa. Tui zito mwisho. Chumvi usitie mpaka mchuzi umeiva na umeuonja, kwa sababu papa huendelea kuitoa akiwa sufuriani.

Sasa mahamri. Pima hamira kabla ya kupoteza unga. Kijiko kimoja cha chai kwenye nusu kikombe cha maji ya vuguvugu (ukitia kidole usione moto wala baridi) na nusu kijiko cha sukari. Baada ya dakika kumi iwe imeumuka povu la unene wa kidole. Povu likiwa hafifu, ongeza hamira maradufu na muda maradufu. Lisipokuwapo kabisa, hamira imekufa na hakuna sukari wala jua litakaloifufua. Unyevu ndio unaoiua, na iliyobaki hai ifungie kwenye chupa kavu ndani ya sehemu ya barafu.

Kipimo: unga wa ngano nusu kilo, sukari gramu 100, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, iliki nusu kijiko, tui zito la vuguvugu kikombe kimoja na kidogo, yaani mililita 250 hadi 280. Tui la moto huua hamira papo hapo, na kosa hili ni la kawaida kwa wanaotumia tui la unga, kwani hukorogwa kwa maji yanayochemka. Lingoje lipoe. Kanda dakika kumi, unga uwe laini na ushike vidole kidogo tu. Funika mpaka uwe mara mbili, saa moja hadi moja na nusu. Gawa madonge manne, sukuma unene wa nusu sentimita, kata pembe nne, halafu yaache yapumzike dakika ishirini na tano kabla ya kukaanga. Wengi huruka pumziko hili wakidhani unga umeshaumuka inavyotakiwa. Donge lililosukumwa limetolewa hewa yote, na likienda mafutani hivyo hubaki bapa.

Mafuta nayo yawe yamepata moto: kipande kidogo cha unga kikizama kisha kikapanda juu mara moja, yako sawa. Hamri likiingia, limwagie mafuta ya moto juu kwa kijiko, ndipo linafura. Likinywa mafuta, moto ulikuwa mdogo. Likiwa kahawia nje na bichi ndani, moto ulizidi.

Hamira ikiwa imekufa kabisa, chapati hazihitaji: unga nusu kilo, chumvi kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili, maji ya vuguvugu mililita 300, upumzike nusu saa kabla ya kukunja. Zinatoka nane.

Kuhusu daku nina neno moja la lazima, nalo ni kiporo cha wali. Wali uliopikwa magharibi ukaachwa sufuriani hadi alfajiri katika joto la Mei unaweza kuzalisha sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Uutandaze kwenye sinia upoe, uingie friji kabla saa mbili hazijapita, na alfajiri upashwe mpaka utoe mvuke katikati. Wali wa tui huharibika mapema zaidi. Ukiwa huna friji ya uhakika, pika wali wa kumalizika futari, na daku iwe chapati za jioni na maharage uliyoyatoa kapuni yakiwa bado moto, ukayachemsha tena. Hayo pia hushikilia tumbo mchana kutwa kuliko wali mtupu. Unga wa sembe uutumie kwa uji wa futari: vijiko vinne vya mezani kwa lita moja ya maji, ukorogwe kwanza kwa maji baridi usifanye madonge, upikwe dakika kumi na tano, kisha pilipili manga, sukari, tui kidogo na ndimu.

Mtungi wa kilo 6 huutazami ndani, basi upime. Upande wake umeandikwa uzito mtupu. Uweke kwenye mizani ya nyumbani na utoe hesabu. Ikibaki chini ya kilo moja, maharage yaache, hamia pojo na chapati.

Na kwa asubuhi ya Idi, tenga tangu leo kwenye chupa moja unga nusu kilo, sukari gramu 100 na iliki, na unga wa tui kwenye mfuko wake ndani ya chupa hiyo hiyo, uandike juu ili asiuguse mtu. Hamira ya siku hiyo ibaki kwenye barafu, uipime povu usiku wa kuamkia sikukuu, wakati bado una nafasi ya kugeuza mpango na kukanda chapati.